Kanda la Usufi

"Nyepesi," aliandika Daktari Wąsik kwa wino wa buluu,
herufi zake zimeinama kama watu wanaopanda kilima.
Nilikuwa na miaka arobaini na sita.
"Usonji wako una bahati," akasema. "Ni mwepesi."
Nikaikunja karatasi mara nne, nikasema ahsante
kwa sauti niliyoifanyia mazoezi ngazini.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, sawa.
Hili langu nimelibeba tangu darasa la kwanza
na sijawahi kuonyeshwa pa kulitua.

Kazi yangu ni vitu vilivyopotea,
ofisi ya tramu, Wrocław, mlango wa kijani.
Miavuli mia tatu na kumi na miwili.
Glavu za mkono mmoja. Meno ya bandia, seti mbili,
na wenyewe wanatafuna na nini, sijui.
Kila kitu kina kibandiko: namba ya tramu, siku, saa.
Kibandiko hakidai nikitazame machoni.

Asubuhi, kabla ya kutoka, napanga uso.
Salamu ya Jowita: nyusi juu, hesabu mbili,
muulize habari za mbwa.
Si za mguu wa mbwa; mguu niliuuliza Jumanne.
Mtu akiongea, natazama katikati ya nyusi zake,
pale hapaniunguzi.
Akicheka, nacheka, nusu pumzi nyuma yake,
kama mwangwi uliofunzwa adabu.

Siku ya keki waliongea watu sita kwa pamoja,
vijiko vikagonga visahani,
na taa ya mrija juu ya kaunta ikaendelea na zzz yake,
nzi aliyefungiwa ndani ya jino langu.
"Mbona kimya, Bogumiła?"
"Nimechoka tu."
Nimechoka ni kweli.
Uongo uko kwenye "tu".

Nyumbani nalala sakafuni bafuni, koti mwilini, viatu miguuni.
Kigae kinanipoza shavu.
Simu ya mama inalia. Nampenda.
Maneno ya leo yamekwisha.
Saa tatu usiku nakula viazi vya moto na maziwa ya mgando,
jana hivyo, kesho hivyo,
na kwa hilo usinionee huruma:
hapo ndipo ninapofurahi.

"Lakini huonekani," husema dada yangu Halszka.
"Una kazi, una funguo zako, unaongea vizuri."
Naongea vizuri, ndiyo.
Uliza bei.

Alhamisi moja ya theluji akaja mwanamume, Seweryn jina lake,
akitafuta glavu ya kushoto.
Hakunisalimu. Aliiambia kaunta:
"Sufu ya kijivu. Mishono arobaini na minne ukingoni,
wa ishirini na tisa umerukwa.
Tramu namba kumi, kiti kinachotazama nyuma."
Nami sikumtazama. Nikashusha sanduku.
Tukahesabu glavu baada ya glavu, bila haraka,
vichwa viwili juu ya sufu,
hakuna aliyeuliza hali ya hewa.

Kisha mabega yake yakapanda hadi masikioni.
"Taa yenu," akasema, "inapiga kelele."

Miaka kumi na moja.
Fundi alikuja mara tatu, akatega sikio, akaapa ni nzima.
Jowita aliniambia nikanywe maji.

Nikapanda juu ya kiti, nikaizima.
Hapakuwa giza. Weupe wa theluji dirishani
ulitosha kuhesabia mishono.

Glavu yake haikuwemo.
Alikaa hadi saa ya kufunga, akibandika miavuli,
akiandika saba zake kwa mkato katikati, kama mimi.
Ukiniuliza uso wake, siukumbuki.
Bado naitafuta ile glavu.
Kila sanduku likija naanza kuhesabu,
nikifika ishirini na nane
nashusha pumzi.